Risasi ya Tatu

Mwachofi alishuka na gari-moshi la Voi,
bunduki ameizinga kwa blanketi la mtoto,
akaiweka mezani pa Fundi Ratansi, pale Bondeni,
kama mtu aliyeleta mgonjwa na aibu kwa pamoja.

"Ya kwanza yaenda nilikotazama.
Ya pili yaifuata, karibu ziguse.
Ya tatu, Fundi, yaenda kwao."
Nyati wa Mwatate alilala katika mahindi ya watu,
akaondoka na jeraha na hasira zake,
na bwana wa ofisini akaandika kwa wino mwekundu:
mkono umezeeka.

Fundi hakujibu. Alinipa bisibisi.
Nikakaza skrubu za darubini; moja ikala robo ya mzunguko.
"Dhambi ndogo hiyo," akasema, "endelea."
Tukasugua mtutu: kitambaa cha kwanza cheusi tii,
cha nne kijani, kutu ya shaba,
cha kumi na moja ungeweza kufungia mkate.
Akaupitisha ute wa pamba mdomoni mwa chuma,
polepole, kama anayempangusa mtoto midomo;
haukunasa popote.
Risasi akazichambua, za sanduku moja tu,
maana baruti nayo ina ndugu na ina mabinamu.

Bamburi, kwenye machimbo, gunia la mchanga chini ya bunduki,
jua jeupe juu ya mawe meupe.
Mwachofi akafyatua tatu.
Mbili zilibusiana. Ya tatu: kiganja kizima, juu, kulia.
Akatazama chini, akaanza kufunga kidhibiti cha kofia yake.

"Ngoja."
Fundi Ratansi, miaka sitini na minane,
miwani imefungwa kwa uzi wa kushonea,
akalala kifudifudi na shati lake jeupe.
Mbili zilibusiana.
Ya tatu: kiganja kizima, juu, kulia.
Hakuna aliyesema neno.
Mwachofi aliivua ile kofia,
akajipangusa uso kwa muda mrefu kuliko jasho lilivyohitaji.

Tuliporudi mlango wa karakana ulikwama, kama kawaida,
Fundi akaupiga teke, kama kawaida,
na mguu ukabaki hewani.
"Huu wakwama tangu lini?"
"Tangu masika, Fundi."
"Na hii bunduki masika ilikuwa wapi?"
"Ghala la serikali, Kilindini," akasema Mwachofi,
"miezi minne, kabla sijakabidhiwa."

Fundi akatoa noti ya shilingi tano,
akaichomeka kati ya mtutu na mti wake.
Ilipaswa kuteleza hadi nyuma.
Ikafika katikati, ikagoma,
kama pesa iliyofika kwa bahili.

"Mti haufi ukikatwa," akasema. "Mti hunywa.
Chuma kikiwa baridi kina adabu zake.
Kikipata moto hujinyoosha, hutaka nafasi,
na huyu aliyevimba humpiga bega."

Siku mbili nilizungusha msasa kwenye mpini wa mwiko,
nikakwangua kidogo, nikajaribu noti, nikakwangua.
Kisha mafuta ya kitani, mikono mitatu,
hata pale pasipoonekana, hasa pale.
Noti ikapita kama barua chini ya mlango.

Mbaazi, wasema, ikikosa maua husingizia jua.
Nimeusikia msemo huo tangu chuoni,
na hakuna aliyewahi kuniambia
kwamba mara nyingine ni jua kweli.

Bamburi tena. Risasi tano.
Nne ungezifunika kwa kikombe cha kahawa.
Ya tano ilitoka nje, chini, kushoto.
Mwachofi akacheka, mara ya kwanza tangu Voi:
"Hiyo ni yangu. Hiyo msiitafutie dawa."
Akaikunja karatasi mara nne
akaitia mfukoni, akampelekee bwana wa wino mwekundu,
tundu zote tano.

Ule mlango sikuupiga randa.
Nilikwisha kuitwaa, Fundi akanishika mkono.
Mpaka leo, masika yakiingia,
naupiga teke, halafu nasimama.