Viola ya Tatu, Skopje

Saa tatu asubuhi. Theluji ya nje imeshakuwa tope.
Humu ndani tu watu sitini na wanne,
hedifoni sikio moja,
la pili tumeliacha wazi kwa jirani.
Katika lile lililozibwa saa inagonga, tik, tik, tik,
kama kuku anayedonoa bati.
Huyo ndiye bwana wetu. Kondakta ana mikono tu.

Sauti inatoka ng'ambo, kwao ni saa sita ya usiku:
"Asanteni, marafiki. Kipande cha ishirini na saba.
Kobalti anaruka kutoka ghorofani. Tupeni ukubwa."

Ukubwa! Wiki nzima neno ni hilo.
Trajko wa tromboni anajifuta midomo kwa shati.
Tunautoa: honi nane, tuba mbili,
ngoma ya kukodi iliyopitishwa mlangoni kwa ubavu,
noti ileile, ileile, ileile,
hadi kioo cha chumba cha mitambo kinatetemeka.
Ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka, walisema.
Hii haipasuki. Imekatazwa na mkataba.

Nimempigia shujaa huyu filamu tano
na misimu miwili ya televisheni,
na siwezi kuuimba wimbo wake.
Nilijaribu jikoni nikimenya pilipili za kuchoma.
Kilichonitoka kilikuwa cha mwingine,
yule mwenye mabawa, wa kampuni ile nyingine,
tuliyempigia Oktoba kwenye viti hivihivi.
Binti yangu Kalina alicheka:
"Mama, hao wote ni mtu mmoja."

Mtoto hajui alivyopatia.
Mhariri hukata picha huku chini yake
ameutandika muziki wa filamu ya jana.
Huuzoea. Huupenda.
Kisha humwita mtunzi na kumwagiza:
niandikie huuhuu, ila usiwe huu.

Lakini nisiwe mchoyo wa sifa.
Msimu wa pili, sehemu ya sita, pesa zilikuwa zimewaishia.
Tuliitwa wanne tu, nami kwa sababu
mwenye viola ya kwanza alikuwa na homa.
Siku hiyo hakuna aliyeruka.
Kobalti ameketi ukingoni mwa kitanda,
anamvua soksi mama yake,
na mama anamwita kwa jina la marehemu.

Msaidizi wa mtunzi, Oonagh fulani,
ambaye jina lake halikupita kwenye skrini,
aliuchukua ule wimbo wa ukubwa,
akauvua honi, akauvua ngoma,
akauacha utembee pekupeku,
akanipa mimi.

Noti nne. Kumbe zilikuwa noti!
Ya tatu inapanda pale unapoingoja ishuke,
kama mgeni aliyesimama kuaga
halafu akakumbuka jambo.
Miaka minane ilikuwemo humo, chini ya shaba yote ile.

Hapo niliuona uwezo wa hadithi isiyoisha:
wimbo, hata wa hovyo, ukirudi na kurudi
huota mizizi ndani ya watu bila wao kujua.
Wameusikia wana mapengo ya utoto,
wameusikia siku baba alipohama,
siku moja unaugusa kwa uta mmoja tu
na chumba kizima kinatafuta leso.
Filamu ya peke yake haina mkopo huo.

Kalina aliacha kijiko hewani.
Hakuitazama televisheni, alinitazama mimi.
"Ni wewe huyo?"

"Tena, marafiki," inasema sauti. "Mara hii, kubwa zaidi."

Mstari wa sita, noti ya tatu ni yetu sisi wa viola.
Juu yake kuna honi nane
na jengo linaloporomoka, litakaloongezwa baadaye.
Trajko ananong'ona: leo mchana ni maharage.
Tik, tik, tik.
Naipandisha.