Vidole Viwili

Baba hakusoma, ila mkono wake ulifika ndani
kabla yangu na vitabu vyangu.
Kondoo chali, tundu la kisu chini ya kidari,
lisilozidi upana wa kiganja,
mkono ukazama, ukapapasa gizani
mpaka vidole viwili vikaupata mshipa mkuu
uliolala juu ya uti wa mgongo,
vikaukata kama uzi.
Halikuanguka tone. Ardhi, alisema, haionjeshwi damu.

Hiyo ni kabla ya kipupwe kilichoua mifugo yetu
ikiwa imesimama,
kabla hatujalihamishia hema letu la sufi
mlimani, ukingoni mwa Ulaanbaatar,
tunakochoma makaa ya mawe
na kupumua tulichochoma.

Usiku huu nasomea mtihani wa uuguzi.
Unga umebaki kwenye ubao wa kukandia,
nachora moyo humo kwa kidole.
“Hapa inaingia damu iliyochoka, rangi ya ini.
Chumba cha juu, kulia. Kisha cha chini.
Vali inafunga mlango nyuma yake: du.
Mshipa huu unaipeleka mapafuni,
kwenye vifuko vidogo kuliko chembe ya chumvi.
Inatua hewa chafu, inajitwika safi,
inarudi nyekundu, upande wa kushoto.”

“Kushoto ndiko kunene,” anasema Baba, hatazami.
“Ukuta wake haubonyei.
Wa kulia ni laini, kama mdomo wa mwanakondoo.”

Kitabu kimetumia kurasa tatu kusema hivyo.

Ukurasa wa nne sikumsomea:
mapafu yakikakamaa kwa moshi,
ule upande laini husukuma mlango mzito,
husukuma usiku kucha, nao ukanenepa, ukachoka,
na maji yakashukia miguuni.
Buti zake za sufi ziko kando ya jiko.
Amezipasua nyuma kwa kisu, ziweze kuingia.
Hakuna aliyeuliza.

“Na safari yote hiyo, muda gani?”
“Dakika moja. Kwenda na kurudi.”
Anacheka, kicheko kinageuka kikohozi.
“Ng’ombe wangu walikwenda mtoni kutwa nzima, Delgermaa,
nao walikuwa na miguu.”

Kisha anaupandisha mkono wa joho,
ananinyooshea kifundo cha mkono juu ya unga.
Naweka vidole viwili. Nahesabu.
Moja inapotea, mbili zinakuja zikikimbizana.
“Usibonyeze sana,” anasema.
“Huo na ule ni mshipa mmoja.”