Hamsini na Tisa

Betri za redio zikifa, baba alizing'ata kwanza,
kisha akazipanga juu ya bati zinywe jua.
Jioni redio ilikohoa, ikasoma nusu ya taarifa ya habari,
ikanyamaza kabla ya matangazo ya vifo.
Sechelela, miaka tisa, akauliza:
hiyo nusu imetoka wapi?
Hakuna aliyemjibu. Bahi nzima ilikuwa na kazi.
Mama alikuwa kinamasini anachuja udongo,
maji meusi yakidondoka kibuyuni,
chumvi ikisubiri moto.

Hayo hayamo kwenye wasifu wake.
Wasifu unaanzia shahada ya kwanza.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara, chumba namba kumi na nne,
huku kilimani ambako upepo wa Julai
huacha vumbi jekundu hata ndani ya bika iliyofunikwa.
Nimemfungulia mlango miaka ishirini na miwili.
Nilimpokea akirudi Ulaya na sanduku moja la nguo
na mawili ya elektrodi, kila moja ndani ya soksi.
Ofisa wa forodha aliinua moja, akainusa:
hii inatibu nini?
"Meno," akasema, akacheka
kiganja kikiwa mdomoni.

Hucheka hivyo siku zote.
Meno yake yana rangi ya chai iliyolala,
kama yetu sote tuliokulia visima vile.

Alichokitafuta ni kidogo:
fuwele, waya wa fedha, bomba la plastiki,
kifaa ambacho kijiji kinaweza kukinunua kwa bei ya kuku wanne.
Floraidi ikizidi mara kumi
sindano ishuke milivolti hamsini na tisa.
Si hamsini na tatu.
Miaka sita tulipata hamsini na tatu.

Usiku mmoja wa Novemba, kipimo kikiwa saa ya kumi na saba,
umeme ukakatika.
Hakulaani mtu. Alitoa zabibu za Hombolo kwenye mkoba,
tukala gizani, mbegu tukitemea kwenye bika chafu,
kinyume cha kanuni alizobandika mwenyewe ukutani.

Kamati ya vyeo ilimjadili mara tatu.
Mara ya kwanza makala zilipungua mbili.
Ya pili jalada lilipotea; nililikuta mimi,
limeegemezwa mlango usijifunge.
Ya tatu waliandika: utafiti una manufaa,
ila ni wa mahali mno.
Nililisoma hilo neno nikiosha vyombo.
Wa mahali mno.
Nikawaza, kuna maji yasiyo na mahali?

Kijana aliyemfundisha kushika pipeti
siku hizi ni profesa. Akija humwita mama,
kisha hukaa kwenye kiti chake.

Mwezi wa saba alitimiza hamsini na tisa.
Keki tuliikata kwa spatula.

Wiki iliyopita tulikuwa Mundemu.
Mama Nyemo, mshika ufunguo wa bomba,
alikataa tumzamishie. Akaichukua elektrodi,
akaizamisha kwenye ndoo ya kwanza, akasoma,
kwenye ya pili, akasoma,
akatoa kwa vidole, akakosea, akatoa tena.
"Hamsini na nane na nusu," akasema.
"Hili la kufulia tu." Akafunga kisima kile kwa kufuli.

Sechelela alicheka
hadi punda wakageuka.
Mikono yake yote miwili
ilikuwa imeshika waya.