Vileja vya Vuli

Barke amenitumia picha ya mti unaowaka.
Si moto, asema, ni majani tu,
huku kwetu sasa ni vuli.
Nami nikatazama dirishani, Kibokoni,
vuli yetu ikigonga mabati,
sare za shule zimening'inia sebuleni
siku ya tatu hazijakauka.
Neno moja, misimu miwili.
Aliyeandika kamusi hakutuuliza.

Huko, asema, kuna bibi anayemtunza,
miaka tisini na miwili, masikio yamekwisha,
lakini mikono yake bado yakumbuka
kumenya tofaa kwa ganda moja refu
lisilokatika,
kulipika na sukari na mdalasini,
kulifunika kwa unga kama mtoto kwa shuka.
Pai, ndilo jina lake.
"Wewe ifanye vileja," aniambia.
"Vidogo, vya kutafuna na kahawa.
Kisha unambie."

Sasa, tofaa.
Ungemtuma mama angekuletea tufaha,
lile letu jekundu, jepesi, linalonukia marashi,
la kuliwa kwa chumvi na pilipili,
lisilojua kupikwa.
La pai ni epo.
Nimenunua matatu Marikiti kwa Mutinda,
kila moja na kibandiko chake kama mtu mwenye pasi,
na hakupunguza hata ndururu.
"Limepanda meli, dada. Nauli nitoe wapi?"

Kikombe kimoja na robo tatu, ameandika Barke.
Kikombe kipi?
Kabatini kuna cha chai, kuna cha kahawa,
kuna kile kisicho mkono tunachopimia mchele.
Nikachukua kisicho mkono.
Samli badala ya siagi, maana samli ndiyo iliyokuwepo.
Iliki hakuitaja,
ila vidole vyangu vilishaitia kabla sijavikataza.
Akataka na kokwa za mti nisioujua,
nikamtuma Nassoro kwenye mkungu wa msikitini,
akarudi na mfuko wa kungu na jiwe,
akakaa kizingitini.
Kapasua tano, kala tatu.

Na jani moja limemganda kisogoni, bichi kwa mvua,
jekundu kama ngozi ya kiatu kipya.

Mkungu! Nilikuwa nimeusahau.
Kila mwaka twaufagia na kuulaani,
majani mapana yaziba mfereji,
yaelea birikani watu wakitaka kutawadha.
Barke, mti unaowaka ulikuwa hapa.
Ulipita chini yake kila jioni ukitoka chuoni,
juzuu kifuani, mdomo umejaa kungu,
na hukupiga picha.

Gesi ilikwisha jana, basi nikarudi kwa sufuria:
moto juu, moto chini,
mimi katikati nikikohoa.
Nyumba ikajaa kitu,
nusu Idi, nusu ugeni.
Bi Shekue wa chini akapanda ngazi bila kuitwa,
leso begani, pua mbele.
"N'ni hicho?"
Akatafuna. Akanyamaza. Akatafuna tena.
"Kileja hiki," kasema, "kina maneno mengi."
Akachukua cha pili
ili akisikilize vizuri.

Vya pembeni vimeungua. Vya katikati vimelowa epo,
vimekataa kukauka kama sare za shule.
Je, vyafanana na pai?
Nitajuaje? Pai sijaila.

Usiku nikampigia.
"Vikoje?"
"Vyaliwa."
Akacheka, nyuma yake dirisha jeusi
na yule bibi akiita jina lisilo lake.
Kisha akaniuliza harufu,
hivi, kama mtu anayeomba chumvi,
nami nikakosa la kusema.
Nikailaza simu juu ya sahani,
uso wake ukitazama vileja,
tukakaa hivyo, hapana aliyesema neno,
hata bando likaisha.

Asubuhi niliikuta kiooni
alama ya samli, duara,
sijaifuta.