Ukurasa wa Amri ya Kufuta

Kurasa nyingine nilizimaliza kabla ya mvua:
jinsi ya kuunda, jinsi ya kupanua,
jinsi ya kunakili diski ya mashine pepe
bila kuizima mashine yenyewe.
Huu mmoja umenikaa kooni.
Treni ya Kigoma imeshapiga honi na kwenda,
Tabora imelala, feni ya seva inakoroma,
nami bado niko mstari wa kwanza:

Amri hii hufuta kihenge.

Neno hilo nalo lilikuwa na kesi.
Mhandisi wa Dodoma alitaka niandike "juzuu".
Nikamwambia juzuu hukaa kabatini, husomwa, hurithiwa.
Akasema basi "ujazo".
Ujazo wa nini, ndoo?
Nikabaki na kihenge, kama kile cha bibi kule Sikonge,
fito zilizosukwa, kimepandishwa juu ya mawe
panya wasifike,
na mtama uliomo ndani usijue
nyumba ya jirani ni ya bati au ya nyasi.
Data nazo hazijui zimelala diski ipi.
Anayepaswa kujua ni mwenye ufunguo.

Ufunguo nilipewa na Nkwabi Lufungulo.
Nkwabi hakuandika kitu. Amri zote alizibeba kichwani,
akizipiga kwa vidole viwili, upesi,
kama mtu anayechambua mchele huku akiongea na jirani.
"Ukizoea utajua," aliniambia,
kisha akahamishiwa Mpanda kwa barua ya mistari mitatu.
Akaniachia vihenge vyenye majina ya mkato,
k1, k2, k2b,
na karatasi iliyogandishwa ukutani kwa gundi: USIGUSE.
Usiguse nini, haikusema.

Septemba diski zikajaa.
K2 kilikuwa kitupu.
K2b kilikuwa na mizani ya msimu mzima,
tumbaku ya Urambo, ya Kaliua, ya Uyui,
mkulima kwa mkulima, robota kwa robota.
Umeme ukayumba. Nikabonyeza mshale wa juu
kuirudisha amri ya jana,
na amri ya jana ilikuwa na herufi moja zaidi,
na kistari, na ile f
yenye maana ya: usiniulize.
Haikuniuliza.
Ikarudi alama ya kusubiri, nyeupe, inapepesa,
kama karani aliyekwisha kufunga dirisha.

Nilikaa chini, sakafuni, nikiwa na viatu mkononi.
Sijui kwa nini nilivivua.

Wiki iliyofuata wakulima waliitwa.
Kalunde Msabila alitoka Ussoke na mkebe wa maziwa ya unga,
ndani yake stakabadhi zote, kwa tarehe,
zimefungwa kwa uzi wa kushonea magunia.
Tuliingiza upya, siku kumi na tisa,
yeye akisoma, mimi nikichapa.
Siku ya tatu akaniuliza, hana hata dhihaka:
"Kwani ninyi hamna mkebe?"

Kwa hiyo andika, mkono, andika:

Kwanza orodhesha vihenge vyote.
Soma jina kwa sauti. Ndiyo, kwa sauti, hata ukiwa peke yako.
Tazama ni mashine ipi inayokitumia.
Piga picha ya kihenge, uihifadhi kwenye diski nyingine.
Usirudishe amri ya jana.
Ile f isitumike katika jengo hili.

Na mwishoni, pale penye "Makosa yajulikanayo",
nimeandika jina langu na tarehe.

Jana nilimpigia Nkwabi, nikamsomea ukurasa mzima.
Alinyamaza kidogo, akasema ni mrefu.
Nikamwuliza habari ya karatasi ya ukutani.
"Ile?" Akacheka hadi akakohoa.
"Ile ilikuwa ya birika langu la chai."

Birika halipo, alilichukua.
Karatasi sikuibandua.
Nimeongeza neno moja chini yake, kwa kalamu.