Kwa Sababu ya Uzani

Mtunga kamusi mmoja wa Kiyunani
hakujali nani analia.
Alitaka neno tu, jina la chungu kisicho na mikono,
akachana mstari kutoka tanzia nzima
kama mtu achanaye pindo la kanga afungie chumvi.
Tanzia ikapotea. Chungu kikabaki.

Nausoma mstari huo Tukuyu, mwezi wa nne,
bati linapigwa hata sijisikii nikitamka:
… na wewe, umebeba chungu …
Nani kabeba? Atoka kisimani au makaburini?
Mtaalamu mmoja asema ni mama wa marehemu.
Wa pili: mjakazi; mama hasemi kikavu hivyo.
Wa tatu: hii hata si tanzia,
ni mlevi jukwaani anaulizia pombe.
Miaka mia wamegombana, kwa adabu, katika tanbihi.

Nawaelewa. Mimi pia nina kipande.

Stakabadhi ya majani ya chai, kilo arobaini na mbili,
ushirika haukulipa.
Babu aliitunza ndani ya mkebe wa biskuti
akingojea haki ya kilo zake, si kingine.
Mgongoni mwake, kwa penseli, mwandiko wa karani Ambilikile
aliyekuja kuhani akakosa karatasi nyingine:
kilio cha bibi Syabumi, usiku ule
jina la Lugano liliposomwa kati ya wasiorudi Kagera.
Alilia kwa Kinyakyusa hadi majogoo.
Karani akaandika kwa Kiswahili. Mstari mmoja.

        Mwanangu yuko njiani, usifung[.]e mlango

Hapo kwenye mabano pana doa.
Huenda ni u. Huenda ni tone la mvua, au mchuzi.
Usifunge: anamngoja.
Usifungue: anajua kinacholetwa.

Shangazi Anyandwile anaapa ni usifunge. Alikuwapo.
Shangazi Tumpe anaapa ni usifungue. Alikuwapo pia,
na ndiye aliyeshika komeo.
Jirani asema maneno si ya bibi kabisa,
yalishasikika msibani kwa Mwakalobo mwaka uliotangulia,
na hapo yalihusu ng'ombe.

Nimeishika karatasi dirishani, mwanga upite.
Nimepima herufi kwa rula ya mwanangu.
U za Ambilikile ni nyembamba, kama mtu apitaye kiubavu;
nafasi inatosha u,
inatosha pia kusita kwa mtu ambaye hajalala.
Ambilikile mwenyewe, nilipomfuata Kiwira, amepofuka.
Alipapasa karatasi, akauliza:
zile kilo walilipwa?

Mlango upo bado, ule wa nyuma, unaotazama migomba.
Masika mbao zake huvimba.
Jana nimeusukuma, nimeuvuta:
haufungiki,
haufunguki.