Daftari la Stoo

Ubao wetu pale njia panda ya Namakwekwe
umeandikwa: TUNACHORA, TUNAJENGA, TUNAKABIDHI.
Rangi ya neno la tatu imeanza kubanduka.
Mpita njia hudhani ndani mna viyoyozi na makarani.
Ndani tupo wanne, meza mbili,
na paka wa jirani anayelalia ramani za watu.

Khainza ndiye mwenye kalamu.
Alianza kuchora nyumba akiwa kwenye chumba kimoja cha kupanga,
na bado anapanga: kitanda, jiko la mkaa,
na katikati pazia analoliita ukuta.
Mpe kiwanja cha hamsini kwa mia,
atakwambia jua litaingia mlango gani saa tatu asubuhi.

Wamimbi ni mwiko na timazi.
Haamini macho ya mtu, hata yake.
Akishusha kamba sote tunanyamaza
mpaka timazi iache kuyumba.

Okiror wa nyaya alikuja kutoka Kumi na bisibisi moja.
Anayo hadi leo. Haazimishi.

Mimi ni mtu wa stoo. Nahesabu misumari.

Mwaka jana tulimjengea Nandutu.
Yeye yuko Dubai, anafua mashuka ya hoteli,
na nyumba anaituma kidogo kidogo:
mwezi wa pili, msingi;
wa tano, tripu mbili za mchanga;
wa nane, kimya;
kisha madirisha yote kwa mkupuo.
Nyumba ya mama yake.
Alichagua mwenyewe, kwa simu: jiko litazame barabara,
mama asiwe mpweke.

Mama alikuja kila siku.
Aligeuza ndoo tupu, akaikalia,
uso kwa Wanale, mgongo kwa barabara.
Mvua ikishanyesha kule juu
na maji yakaning'inia mwambani kama nyuzi,
aliyahesabu kwa kidole: moja, tatu, tano.
Kwetu hakusema kitu. Nyumba ya mtoto haichaguliwi.

Ukuta ulipofika linta, Wamimbi aliweka mwiko chini.
"Khainza, hebu simama hapa.
Huyu mama atapika miaka iliyobaki akitazama bodaboda?"

Khainza akasimama.
Upande wa mlima palikuwa na tofali tupu, zimenyooka,
kazi safi, hata Wamimbi mwenyewe angeisifu.
Akachomoa kalamu sikioni,
akachora mstatili juu ya ukuta,
akapiga simu Dubai, akaongea kwa dakika mbili, akakata.
"Vunjeni."

Wahenga walituonya: usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hawakusema lolote kuhusu ukuta usio na ufa
uliosimama tu mahali pasipofaa.

Tulivunja kutwa nzima. Nusu ya matofali ilipona.
Nondo nne, kokoto, mfuko mmoja wa simenti.
Nandutu hakuombwa shilingi.
Jumamosi ile bahasha zilikuwa nyepesi
na hakuna aliyeuliza, isipokuwa Okiror,
aliyeuliza, akatukana kwa Kiteso, kisha akaipokea.

Usiku nilifungua daftari.
Kuna safu ya kilichoingia, safu ya kilichotoka,
na safu ya kilichopotea, ambayo wezi wameijaza vizuri.
Simenti, mfuko mmoja: niuandike wapi?
Nilikaa na taa mpaka mafuta yakalalamika.
Mwishowe nikaandika: Umetoka.
Na penye "umekwenda wapi": Mlimani.

Juzi nilipita kule kudai toroli letu.
Mama alikuwa jikoni anachambua malewa,
vidole vinafanya kazi, macho yako nje.
Wanale imejaa dirisha zima
kama mgeni aliyesikia harufu ya chakula.
Hakuniona. Toroli nikaliacha.

Nilirudi ofisini mbio nimweleze Khainza.
Kwenye kiti chake alikuwa paka.
Mwenyewe amekwenda kumsihi mwenye nyumba
amwongeze wiki mbili.